Ofisi ya Faustina Nyuma ya Mashine

Faustina Kalinga alijifunza sheria baada ya kufiwa na mumewe, pale shemeji zake walipokuja kuipima nyumba yake kwa kamba hata matanga hayajaanuliwa. Alikwenda Iringa mjini, akasaidiwa, nyumba ikabaki yake. Tangu hapo akawa msaidizi wa kisheria kijijini kwake, Ilula. Alisikiliza watu sebuleni kwake mpaka shirika lililomfundisha lilipoamua apate ofisi ya kueleweka.

Samwel, ofisa wa shirika, alichagua chumba kizuri kando ya barabara kuu, kinachotazamana na ofisi ya kijiji. Kikapakwa rangi, kikawekewa kibao kikubwa. Mwezi mzima hakuingia mtu isipokuwa abiria wa mabasi walioulizia nyanya za kununua.

"Tatizo nini, mama?" Samwel aliuliza.

"Nani ataingia hapa mumewe asijue kabla hata hajaketi?"

Faustina akatafuta mwenyewe. Chumba kimoja kilichangia mlango na kilabu cha pombe. Kingine kilipakana na fundi wa majeneza, ambaye alimpima kwa macho kila aliyepita. Mwishowe Ambrosi, mwenye mashine ya kusaga, akampa stoo iliyokuwa nyuma ya mashine yake. Faustina alifurahi sana. Nani asiye na sababu ya kwenda mashineni? Na kwa kelele zile, hata mtu aweke sikio ukutani asingeambulia kitu.

Shida ni kwamba hata yeye hakuambulia kitu.

Mteja wa kwanza alikuwa Damari, mwanamke mpole aliyekuja na ndoo ya mahindi.

"Kamwene, mama," alisalimia, kisha midomo ikaendelea kucheza bila sauti.

"Sema kwa nguvu, mwanangu!"

"Mume wangu anauza shamba!"

"Anauza karanga?"

"SHAMBA! TULILINUNUA WOTE! MIMI SIJAKUBALI!"

"HAWEZI KUUZA BILA WEWE KURIDHIA! ANAMUUZIA NANI?"

Umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza.

"AMBROSI!" Damari alipaza sauti katikati ya ukimya ule, na foleni nzima nje ikageuka.

Mlango ukafunguliwa. Ambrosi alisimama pale, nyusi nyeupe kwa unga.

"Nimeitwa?"

"Ni habari ya shamba," Damari alisema. Ambrosi akamtazama Damari, ambaye kwake alikuwa tu mama wa ndoo ya bluu.

"Shamba gani hilo?"

"La kwangu na Vitus."

"Wewe na Vitus mna nini?"

"Ni mume wangu."

Ambrosi akarudi nyuma hatua moja. "Mke wa Vitus amefariki. Nilimpa pole mimi mwenyewe. Nilimpelekea unga wa msiba."

"Ule unga tumeula," Damari alisema taratibu. "Aliniambia ni zawadi."

Vitus mwenyewe alikuwa nje, ameketi juu ya gunia akimsubiri Ambrosi wamalizie mauziano. Aliinuka aondoke, lakini kina mama walikuwa wamekwisha kupanga ndoo zao njiani.

"Sikusema amekufa," alijitetea. "Nilisema hatunaye."

"Ulilia, Vitus," Ambrosi alisema. "Shati langu lote lililoa."

Mauzo yakafia palepale. Ambrosi alisema hataki shamba la marehemu anayekuja kusaga kila wiki. Vitus alitamka mbele ya wote kwamba hatauza, akashika ndoo ya mkewe na kuingia kwenye foleni akiwa ameinamisha kichwa.

Faustina hakulala vizuri. Siri ya mteja wake ilikuwa imetangazwa kama ndoa kanisani. Asubuhi alikwenda kwa Damari kumwomba radhi, akamkuta anapalilia.

"Radhi ya nini, mama?" Damari alisema. "Miaka yote namwambia ndani, hasikii. Jana amesikia."

Wiki iliyofuata stoo ilijaa. Wenye mambo mazito Faustina aliwachukua mashambani, wakazungumza katikati ya mistari ya nyanya, na huko hakuna aliyewasikia. Lakini bibi mmoja, Paskalina, ambaye jirani yake alikuwa amesogeza mpaka wa shamba lake, alikataa kutoka. Aliketi kwenye benchi, mikono mapajani, mashine ikinguruma.

"BIBI, SEMA SHIDA YAKO!" Faustina alimpigia kelele sikioni.

Bibi akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwenye taa iliyokuwa ikiwaka darini.

"NASUBIRI UMEME UKATIKE!"

Faustina akavuta kiti, wakasubiri wote wawili.