Damu Iliyofagiwa

Mama mkubwa alikwenda hospitali kwa kidonda cha kidole gumba, akarudi Kirongwe na mguu mmoja. Alikuwa na kisukari asichokijua. Tangu hapo, kila nikimwona mama yangu, mdogo wake, akitoka shamba pekupeku, natazama miguu kabla ya uso.

Likizo hii nilikuja na kimashine cha kupimia sukari. Mimi ni mtu wa vitabu. Nilisoma maelekezo yote, hata ya betri, kisha nikamchoma mama kidole kama niliyefuzu udaktari. Kila asubuhi namba ilikuwa nzuri. Nikampigia simu mke wangu kumweleza habari za kongosho, insulini na mafuta ya tumboni, mpaka mtandao ulipomwokoa.

Bado nilitaka daktari ausifu ustadi wangu, hivyo nikampeleka mama hospitali ya Kilindoni. Walimpima kiuno, presha na mafuta ya kwenye damu, kisha sukari kwa namna nyingine: ile iliyogandia kwenye chembe nyekundu za damu. Daktari, binti mwenye sauti ya chini, alisoma majibu, akayasoma tena.

"Bibi, sukari ya leo si mbaya. Lakini hiki kipimo kingine kinaeleza hali ya kama miezi mitatu iliyopita, na kinasema mengine kabisa. Kabla mwanao hajaja ulikuwa unakula nini?"

Mama alinitupia jicho la pembeni.

"Chai ya sukari. Tambi za nazi. Halua ikipatikana. Huyu aliposema anakuja na mashine, nikaacha."

"Kumbe ulikuwa unanidanganya, mama?"

"Nimekudanganya nini, na hukuniuliza? Ukija nafagia uwanja, natandika shuka mpya. Ulitaka unikute na damu chafu? Nayo nimeifagia."

Daktari alicheka kwa adabu. Mimi nikacheka zaidi, na nilipomaliza nikaona yeye alikwishaacha.

"Mafuta, presha, kiuno, vyote viko juu," alisema. "Na havikupanda jana. Naomba nione miguu."

Mama akalala kitandani. Daktari akatoa kijiti chenye uzi mgumu nchani, mfano wa kipande cha mshipi wa kuvulia.

"Fumba macho, bibi. Nitakugusa hapa na pale. Ukisikia, sema ndiyo."

Mama akafumba. Uzi ukagusa kidole gumba, ukapinda. Kimya. Ukagusa kidole kilichofuata, kisha unyayo, kisha kisigino. Daktari akahamia mguu wa pili, bila haraka. Nikamtazama mama usoni: ametulia, midomo iko tayari, kama mwanafunzi anayejua jibu na anasubiri swali.

Daktari akaweka kijiti mezani, akaanza kuandika.

"Mjukuu wangu," mama akasema, macho angali kayafumba, "anza basi, tuwahi gari la Kirongwe."