Beseni Jekundu Juu ya Nguzo

Siku hiyo nilivaa tai ya kuazima na viatu nilivyong'arisha kwa mafuta ya kujipaka, maana rangi ya viatu ilikuwa imeisha bweni zima. Shule yetu iko upande wa Manyatta. Wanafunzi wa sheria wa chuo kimoja mjini Embu walikuwa wamealika shule za sekondari tukajadili sheria za mazingira ndani ya mahakama yao ya mazoezi. Wengine walienda kwa sababu wanataka kuwa mawakili. Mimi nilisikia kuna kuku.

Hoja ilikuwa kwamba mkulima anayevuta maji ya mto bila kibali ashitakiwe. Sisi tulipewa upande wa kuunga mkono. Mwenzangu alikuwa msichana wa darasa letu anayetoka huko chini, Tharaka. Alisimama kwanza, akataja vifungu bila kuangalia karatasi, kisha akasema kwao mto hufika ukiwa mchanga, na mamake huchimba mchanga huo kwa karai ndipo apate maji ya kupika.  Nikaona amewapoza watu, na kazi yangu sasa ni kuwachangamsha.

Wapinzani walijitetea vizuri. Walisema mkulima hajui hizi sheria, hajawahi hata kuona hicho kibali, na kumshitaki ni kumwonea. Watu wakapiga makofi. Zamu yangu ikafika.

Nilianza kwa kusema mimi ni kijana wa ndizi kutoka Mitunguu, na watu wakacheka kabla sijasema la maana. Kicheko cha kwanza kinalewesha. Nikasema wakulima wanajua sheria kuliko hawa wapinzani wangu. Kama hawajui, mbona wanajificha? Ndipo nikawasimulia. Kwetu pampu zimepangwa ukingoni mwa mto na hakuna hata moja yenye kibali. Gari la maafisa wa maji likikata kona, mama wa boma la kwanza anafunika beseni juu ya nguzo ya ua. Jirani akiliona anafunika lake, na wa chini yake vilevile, hadi mtoni. Maafisa wakifika, pampu zimezimwa, paipu zimelala chini ya majani ya migomba, na wanakuta kijiji cha watu wanaopenda sana kuosha vyombo.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata mwalimu wa sheria aliyekuwa jaji mkuu wa mjadala alifuta machozi, kisha akawageukia wanafunzi wake, akawaambia hapo wameona nia ikithibitishwa: anayejificha anajua. Mimi nikainama kama bwana harusi.

Rangi ya beseni sikuitaja. Ni jekundu. Na mama wa boma la kwanza ni mama yangu.

Kando ya jaji alikuwa ameketi mama mmoja wa sweta ya kijivu, ambaye nilidhani ni mwalimu mwingine. Akaomba nafasi ya kuuliza. Alisema yeye anafanya kazi katika ofisi inayotoa vibali vya maji eneo la kwetu.

"Kijana wa Mitunguu," akasema polepole, "hilo beseni ni la rangi gani?"

Nikajibu haraka: "Bluu, madam."

"Bluu," akarudia, na akaandika.

Tulishinda. Kuku alikuwepo kweli, na mimi nilimtafuna paja moja kama ninatafuna sweta. Mwenzangu alikaa mbele yangu.

"Kwa hivyo ni nyinyi mnaotukaushia mto," akasema.

Nikamwambia sio sisi, ni ndizi zinakunywa sana. Hakucheka. Hiyo ikaniogopesha kuliko kalamu ya yule mama.

Kesho yake tulifunga kwa likizo fupi. Njia nzima kila gari jeupe lilikuwa la maafisa. Nilipoanza kuteremka kuelekea nyumbani nilisikia pampu zote zikinguruma, sauti ambayo nimekua nayo nikawa siisikii tena. Siku hiyo kila moja ilikuwa kama inaita serikali. Karo yangu inatoka kwa hizo ndizi. Ya majirani pia.

Mama alikuwa anamkatia ng'ombe vigogo vya migomba. Nilimwambia yote, nikianzia na ushindi, nikidhani utasaidia. Alitua panga chini.

"Ulitaja Mitunguu?"

"Nilitaja."

"Na beseni?"

"Nilisema ni la bluu, mama."

"Akija akute jekundu, atafikiri ni kofia?"

  Mama alinawa mikono, akachukua beseni, akalifunika juu ya nguzo. Nilikimbia kuangalia barabara. Hakukuwa na gari.

Pampu zilianza kuzima moja baada ya nyingine, kuteremka, mpaka nikasikia mto wenyewe. Una sauti ndogo sana. Halafu watu wakapanda kutoka kwa migomba, miguu ina matope, wakiuliza maafisa wako wapi.

"Hakuna maafisa," mama akawaambia. "Bado. Kaeni. Huyu ana maneno." Akanigeukia. "Waambie vile uliwaambia wale."

Wakaketi kwenye nyasi. Mzee wa boma la pili, ambaye ndiye alinifundisha kuficha paipu, alivua kofia akasema, "Haya, wakili, tuko kortini."

Nilisimama bila tai. Nilitafuta mzaha mmoja wa kuanzia, hata mdogo, na kichwa kilikuwa kitupu. Nguzo ilikuwa nyuma yangu na lile beseni juu yake.

"Huko chini," nikasema, "mto unafika ukiwa mchanga."

Hawakuelewa kwa nini ninaanzia huko. Nilianzia huko kwa sababu niliogopa kuanzia kwenye beseni, siri yao niliyoitoa.