Idil, Msichana wa Chombo cha Maji

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ya mwaka ambao mvua ilitukimbia na mji wa Garissa ukanuka vumbi na mizoga ya mbuzi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini hivi, tena mkimya, wa kusalimia huku macho yakiwa chini. Sisi Wasomali tuna msemo kwamba mdomo uliofungwa ni dhahabu. Kwa dhahabu hiyo nilikuwa tajiri.

Lakini kila Jumamosi asubuhi niligeuka mtu mwingine. Katika kituo kidogo cha redio hapa mjini tulikuwa na mchezo wa watoto, ulioandikwa na Mwalimu Athumani, mtu wa Hola aliyekuwa akifundisha huku. Ulihusu chombo kinachosafiri kati ya nyota, kikipeleka maji kwenye sayari zilizokauka. Shujaa alikuwa mwana wa nahodha, mvulana mpole mwenye adabu zake, na Mwalimu alitaka watoto wampende huyo. Wao wakampenda Idil.

Idil alikuwa wa pembeni tu, fundi wa mabomba wa miaka kumi na sita. Alichomoza kutoka chini ya mitambo, akasema neno moja la kuudhi, akarudi zake. "Nahodha, umekosea tena." Ndivyo alivyozoea kuanza. Tena alijisifu, akasema halijatengenezwa bomba la kumshinda yeye. Ila siku chombo kilipopasuka, wenzake wote walikimbilia mlangoni, yeye akakimbilia kwenye ufa. Sauti ya Idil nilikuwa mimi.

Usinicheke, mwanangu, nilimhusudu msichana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nikitoka studio nilirudi kuwa yule yule wa macho chini, nikijiuliza ujasiri ule huwa unatoka wapi.

Basi Jumamosi hiyo, muda mfupi kabla hatujaingia hewani, Haji Nur alitufikia. Alikuwa mzee anayeheshimiwa, muuza ngamia, ndevu zake nyekundu kwa hina. Alikataa kiti.

"Mwalimu," alisema, "huyu Idil yako anaharibu watoto. Juzi mjukuu yangu Fardosa amenitia aibu. Gari ya maji imefika mtaa yetu, sisi wazee tunashukuru dereva, na mtoto ya miaka tisa anapanda juu ya jerikeni anapiga kelele: 'Wazee, mmekosea tena!' Nimemshika mkono, nimemfungia nyumbani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Toa huyo msichana kwa redio, ama mimi naongea na wenye kituo."

Mwalimu alijua mzee hatanii, na kwamba wenye kituo wangemsikiliza. Akamwomba radhi, akaufuta ukurasa wa mwisho na kuandika mwingine palepale: nahodha anamshusha Idil kwenye sayari tupu kwa utovu wa adabu, chombo kinaondoka. Akanipa.

"Soma hivi, binti yangu. Sina njia."

Niliusoma kimoyomoyo. Ilikuwa kama nimeambiwa nimzike mtu anayepumua. Kisha nikasikia sauti chumbani, na ilinichukua muda kutambua kuwa ni yangu.

"Samahani, adeer," nilisema. Adeer ni baba mdogo, ndivyo tunavyomwita mwanamume wa rika la baba zetu. "Fardosa alisema nini tena?"

"Lini?"

"Baada ya kusema mmekosea."

Haji alinitazama kana kwamba kiti kimesema. "Amesema maji inanuka mafuta ya gari."

"Na yalikuwa yananuka?"

Mzee akashika ndevu. Alikuwa mtu mkweli, Mungu amrehemu, na mkweli akiulizwa hana pa kujificha.

"Ilikuwa inanuka," akajibu polepole. "Hiyo tangi ilibeba dizeli mbele ya maji. Sisi tumejua baadaye, mbuzi wawili wamekunywa wameanguka. Tumemwaga yote, hata ile ya kwa nyumba." Nadhani alikuwa akiwaona watoto wa mtaa na vikombe vyao. "Wallahi, hakuna mtu ameuliza mtoto amejuaje. Sisi wote tumeuliza mbona ana mdomo."

Ndipo akakaa.

"Mwacheni huyo Idil," alisema. "Lakini mfundisheni salamu."

Mwalimu Athumani akautupa ule ukurasa, tukaingia hewani bila ukurasa wa mwisho. Nahodha alipomkemea Idil, nilijibu kwa maneno niliyopewa na Mungu saa ileile: "Nisamehe kwa sauti yangu, nahodha. Kwa neno lenyewe siwezi kuomba radhi, maana bomba bado linavuja." Nje ya kioo nilimwona Haji akitikisa kichwa, na sikujua kama anakubali au anasikitika.

Nilijua baadaye, kwa mama yake Fardosa. Jioni hiyo mzee alimtoa mjukuu wake nyumbani, akamsimamisha mbele ya wazee walewale, akamwombea dua. Kisha akatangaza kwamba gari lolote la maji likiingia mtaani, hapangi foleni mtu mpaka Fardosa ameyanusa maji. Na ikawa hivyo, wanaume wenye mvi wakisubiri pua ya mtoto.

Leo mnasikiliza visa vyenu kwenye simu, na nawaona mnavyowapenda hao wadogo wajeuri wa pembeni. Wapendeni. Ila, mwanangu, wengi huchukua ulimi wa Idil wakaiacha mikono yake. Ukitaka kumwambia mkubwa kwamba amekosea, uwe tayari kuwa wa kwanza kwenye ufa. Anza na salamu, kwa kuwa neno la kweli lina uchungu wake tayari, halihitaji kuongezewa pilipili. Lakini usilimeze. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, mtoto akakupigia kelele mbele ya watu, uliza kwanza amesema nini. Adabu utamfundisha baadaye, akiwa hai.

Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo usiodharau. Akujaalie maji safi popote utakapotua, na watu watakaokuuliza umeona nini. Amin.