Machozi ya Mama Kwenye Shuka Jeupe

Jumanne tulimzika mama. Leo jirani amewasha jenereta, na harufu ya petroli imenirudisha kwenye darasa lililozibwa madirisha kwa mablanketi, siku tulipotazama filamu yake.

Aliigiza hiyo moja tu maishani. Watu wa afya walimrekodi pale kijijini, bila sauti, ili Warundi na Wabende, wenye lugha tofauti, waielewe sawa. Waliitembeza mpaka Karema, ambako yeye hakuwahi kufika. Kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani alionekana amepakata bunda la nguo, akilia kama mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria.

"Shemeji, machozi hayo umeyatoa wapi?" jirani mmoja akamtania. "Wakupe basi hata soda."

Watu wakacheka, na mama naye akacheka. Mimi nilikuwa naangalia kitenge kilichofunga lile bunda. Ndicho alichombebea mdogo wangu, tuliyekuwa tumemzika masika yaliyotangulia siku hiyo. Nyumbani sikuwahi kumwona akimlilia.

Nikamnong'oneza, "Mama, pale ulikuwa unaigiza?"

Akanivuta nikae mapajani pake. "Tazama, inaisha."

Ilipoisha, akamwomba mwenye mashine ya filamu airudie.