Keria ya Mzee Kavoi

Ishmael Kavoi alirithi vitu viwili kwa marehemu baba yake: kipaji cha kujisifu na baiskeli nyeusi, nzito, ya chuma kitupu. Kipaji alikitumia kila siku ya Mungu. Baiskeli aliileta kutoka Machakos juu ya basi, akaiegemeza nyuma ya chumba chake cha udongo na mabati huko Gatwekera, Kibera, ikakaa miaka mitatu kuku wa jirani wakiilalia. Yeye mwenyewe alitembea kwa miguu kila asubuhi hadi Industrial Area kutafuta kibarua, na jioni akarudi kwa miguu, mara nyingi bila kibarua.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa Machi, akasikia kwamba kampuni moja ya bima mjini inataka tarishi. Masharti yalikuwa mawili tu: ujue kusoma, na uje na baiskeli yako. Bwana Nderitu, karani wa kampuni hiyo aliyesali naye kanisa moja, akamwambia watu watajaribiwa Jumatatu ya mwisho ya Aprili. Sare ya kaki! Mshahara wa mwezi! Mutheu mkewe, ambaye ndiye aliyeilisha nyumba ile kwa kukaanga mandazi, alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akasema, "Baba Kalondu, wewe tia mafuta kwa cheni na uzibe tyubu. Hiyo baiskeli iko sawa."

Angemsikiliza, hadithi ingekwisha hapa na mimi ningekuwa na kazi nyingine. Lakini Ishmael alikuwa amewaona vijana wa Lavington wakipita na baiskeli nyembamba za resi, wameinama, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Ati yeye aingie mjini amekaa wima kama muuza makaa? Akaikokota baiskeli ya babake hadi Kawangware, kwenye kijiji kiitwacho Kongo, kwa fundi Ng'ang'a.

Ng'ang'a alikuwa amechagua mahali pazuri pa kukaa. Ng'ambo tu ya barabara ni Lavington, na kila mtoto wa tajiri akichoka na baiskeli yake, mpishi au mtunza bustani aliileta kwa fundi. Alimsikiliza Ishmael akijisifu habari za kazi, kampuni ni gani, siku ni ipi, saa ngapi, karani ni nani. Ishmael hakubakisha hata nukta.

"Pesa sina," akamaliza, kwa sauti ya chini kidogo.

"Pesa ya nini, bwana? Unaniachia kitu ya zamani, unachukua ya kisasa. Tumemalizana."

Ishmael alicheka moyoni. Alidhani amempata mjinga.

Jumamosi ya kwanza aliacha usukani, akapewa ule wa pembe za kondoo. Jumamosi ya pili aliacha magurudumu mapana, akapewa membamba ambayo tairi zake zilitoshana na kidole gumba. Madigadi yaliondoka kulipia gia, kwa sababu, alivyouliza fundi, nani amewahi kuona baiskeli ya resi na madigadi?

"Hii baiskeli inakonda kila ukienda Kawangware," Mutheu akasema.

"Wewe kaanga mandazi," akajibiwa.

Ikabaki keria, kile kibao cha chuma cha nyuma cha kubebea mizigo. Hapo, lazima niseme ukweli, alisita. Babake aliitengeneza kwa mikono yake, akachonga KAVOI kwenye chuma kwa patasi. Ni juu ya keria hiyo Ishmael, akiwa na miaka saba na mguu umevunjika, alibebwa mpaka hospitali, na baba akipanda milima bila kushuka. Aliishika kwa muda.

"Kwani wewe unapeleka mahindi posho mill?" Ng'ang'a akauliza.

Basi aibu ikamshika, akaiacha. Jumamosi ya mwisho akaacha na fremu yenyewe, akachukua nyekundu, nyepesi. Mtu anayejua kusoma na asiione hesabu hiyo, sijui shuleni alisoma nini.

Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha. Matope ya Gatwekera hayajui resi, kwa hiyo Ishmael aliibeba baiskeli begani mpaka kwenye lami. Bila madigadi, gurudumu la nyuma lilimpiga mstari wa matope kutoka kiunoni hadi kwenye kola ya shati jeupe. Alifika uani kwa kampuni ameinama vizuri sana, akamkuta mshindani mmoja tu, jamaa mtulivu aitwaye Gachanja, na baiskeli pana nyeusi.

Bwana Nderitu akatoa mafungu mawili ya faili. "Pelekeni posta, mrudi."

Ishmael akaitazama baiskeli yake mbele na nyuma. Hapakuwa na mahali. Akabana fungu kwapani, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka langoni, ambapo tairi ilikutana na shimo ikapasuka, na faili za bima zikaogelea matopeni. Gachanja alilifunga lake nyuma kwa kamba za mpira, akaenda, akarudi. Keria yake ilikuwa imeandikwa KAVOI.

"Baiskeli umetoa wapi?" Ishmael akauliza.

"Kwa shemeji yangu, fundi huko Kongo. Ndiye aliniambia habari ya hii kazi. Ati kuna mteja wake hanyamazi." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaongeza, "Wewe wakaa Kibera? Ni njia yangu. Panda nikusogeze."

Hakuwa na la kufanya. Akakaa alipokaa akiwa na miaka saba, baiskeli nyekundu inaning'inia begani, na Gachanja akapanda milima ya Ngong Road bila kushuka. Ishmael alilia, na safari hii hakuwa amevunjika mguu.

Mutheu aliwaona kutoka kwenye karai la mandazi. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye chuma cheusi, akapiga kofi kwa furaha.

"Asante Yesu! Umerudisha baiskeli ya mzee! Na huyu aliyekubeba ni nani?"

"Ni tarishi," Ishmael akasema, akashuka.