Kimeng'enya cha Solveig

Solveig Tollefson aliijua kemia ya uhai kuliko mimi, na hakuipenda hata chembe. Simsengenyi. Tulikaa chumba kimoja miaka yote ya chuo, huku Wisconsin, tukasoma biokemia darasa moja, na mtu anayesoma kwa raha namjua. Mimi nikipata alama mbaya nilirusha kitabu ukutani. Yeye akipata alama nzuri alishusha pumzi kama mfungwa aliyeongezewa miaka.

Alichokitaka ni ng'ombe. Baba yake, Mzee Arlen, alifuga ng'ombe wa maziwa upande wa kaskazini, na Solveig ndiye mtoto wake wa pekee. Magoti ya mzee yalikuwa yamekwisha kwa kusimama kwenye saruji ya zizi, na jirani yake, Gunderson, alikuwa tayari kulichukua kundi zima siku yoyote atakayoambiwa. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: ama Solveig aseme anawataka wale ng'ombe kabla ya malori ya Gunderson kufika, ama abaki na vichupa vya maabara maisha yake yote.

"Si umwambie tu?" nilimuuliza siku moja tukiwa tunakunja nguo. "Maneno mawili. 'Baba, nawataka.' Umemaliza."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo kanisani. "Wewe wa Chicago huwezi kuelewa. Kitu cha mtu hakiombwi. Unangoja akuulize."

"Na asipokuuliza?"

"Ataniuliza."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakuwajua akina Tollefson. Kimya chao ukikifungua unakuta kimya kingine. Mzee hakuuliza, maana alikuwa akijivunia binti. Kila alipokwenda kununua chakula cha mifugo alitafuta upenyo wa kusema kwamba Solveig anasoma mambo ya protini na "hafanyi vibaya sana". Kwa watu wa kule, maneno hayo ni sawa na kuchinja fahali na kuita ngoma. Solveig akisikia hayo kwa simu alizidi kuinamia daftari. Alikuwa anaweza kuchora mzunguko mzima wa namna chembe ya mwili inavyochoma sukari, hatua kwa hatua, bila kutazama popote, na akimaliza anaukunja ule mchoro na kuutupa.

Mwaka wa nne kila mmoja wetu alipaswa kufanya utafiti wake. Tuliwekwa kwa Profesa Hruska, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mnadani, aliyewapenda wanafunzi wake kama vifaranga na kuwabana vivyo hivyo. Alimpa Solveig kimeng'enya, protini moja inayofanya kazi ya kuvunjavunja vitu, kinachotoka kwa bakteria wa tumboni mwa ng'ombe, kile kinachosaidia kuyeyusha nyasi. Alidhani anamfurahisha. Basi Solveig, aliyekuwa akitamani ng'ombe mzima, akapewa kitu kimoja cha tumboni mwake, kisichoonekana kwa macho, akakichuje katika chumba cha baridi akiwa amevaa koti la theluji.

Kazi yenyewe ni hivi. Unakuza bakteria, unawapasua, unapata supu chafu yenye kila aina ya protini. Supu hiyo unaimimina juu ya mrija uliojaa chembechembe ndogo, na kimeng'enya unachokitafuta kinatakiwa kunasa humo ndani huku takataka zikidondokea kwenye bika la kioo lililo chini. Nasema kinatakiwa. Mara nyingine hakinasi. Ndiyo maana watu wa kazi yetu wana mwiko mmoja mkubwa: usimwage kitu chochote mpaka umepima na kujua protini yako iko wapi. Friji zetu zimejaa maji machafu ambayo hakuna anayethubutu kuyagusa.

Lakini mtoto aliyekulia kwenye zizi la maziwa hawezi kuacha chombo kichafu. Kwao kuacha ndoo bila kuosha ni aibu ya ukoo. Solveig alipoona bika limejaa uchafu, mkono ulikwenda wenyewe. Akamwaga kwenye sinki, akasugua, akalifudikiza likauke. Alipokuja kupima mrija, haukuwa na kitu. Kimeng'enya chote kilikuwa kimepita moja kwa moja hadi kwenye bika, na kazi ya vuli nzima ilikuwa imekwenda na maji.

Siku hiyo alirudi chumbani akipiga mluzi. Sijawahi kumwona vile. Akaniambia ameharibu kila kitu, Profesa lazima atamfukuza, na mtu aliyefukuzwa hurudi kwao bila kuomba chochote. "Baba ataona mwenyewe kwamba sifai," alisema. "Hapo ataniuliza." Nilimwonea huruma kwa ile furaha yake.

Asubuhi alikwenda kuungama. Profesa Hruska alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika meza. Akatoka kuwaita watu wa maabara nzima. Kumbe kuna desturi: aliyemwaga analeta donati, anapanda juu ya kiti, anasimulia alivyomwaga, na kila mmoja naye anasimulia siku yake. Wote walikuwa wamewahi kumwaga. Profesa mwenyewe, enzi za ujana wake, alimwaga kazi ya mwalimu wake.

"Binti," akamwambia akimpa donati ya kwanza, "nilikuwa sijui kama utadumu kwenye kazi hii. Sasa wewe ni wetu."

Watu wakapiga makofi. Solveig aliimeza ile donati kama dawa ya minyoo.

Basi akarudia kazi wakati wa baridi kali, na safari hii, kwa bahati yake mbaya, kila kitu kilinasa panapotakiwa. Kimeng'enya kikatoka safi kuliko vya wote.

Majira ya kuchipua ikafika siku ya kuonyesha mabango ya utafiti wetu mbele ya wageni. Mzee Arlen alikuja amevaa kofia yake mpya na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Profesa akamkaribisha kahawa.

"Hapana, nashukuru," mzee akasema.

"Kidogo tu, Mzee."

"Aa, msijisumbue."

"Ipo tayari, nakumiminia."

"Basi, kama si usumbufu," akapokea, na akainywa yote. Ndivyo wanavyofanya kule. Hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu, na ukikaribishwa mara ya tatu hukatai, maana kukataa ni kumtukana anayekupa.

Profesa akamsifia binti mpaka masikio ya mzee yakawa mekundu. Alipoondoka kwenda kwa wageni wengine, Mzee Arlen alisimama mbele ya bango, akalisoma lote, sidhani kama alielewa hata mstari mmoja. Kisha akasema bila kugeuka, "Gunderson anataka kundi mwezi huu. Wewe huwataki, au unawataka?"

Solveig alishika ukingo wa meza. Swali alilolingoja miaka minne lilikuwa limekuja, naye akalijibu kama alivyolelewa.

"Aa, hapana, Baba. Usinifikirie mimi."

Akangoja. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, tayari. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Vyema," akatoka nje.

Nilimkimbilia. Nilimkuta kwenye ngazi, simu iko mkononi.

"Mzee, anawataka," nilimwambia. "Muulize tena. Si ndiyo desturi yenu?"

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Hakunituma. Lakini namjua."

"Wewe ni mtoto mwema," akasema, na akaitazama ile simu. "Nami namjua. Nikimuuliza tena atakubali. Baba yangu mimi aliniuliza mara tatu, nikashindwa kukataa."

Akampigia Gunderson nikiwa nimesimama palepale. Hawakuongea hata dakika moja.

Niliporudi ukumbini Solveig alinitazama, nikatikisa kichwa. Profesa Hruska alikuwa amekwisha kumshika mkono. Alikuwa anamwambia abaki, asomee shahada ya uzamivu hapohapo, nafasi ipo.

"Hapana, Profesa. Nashukuru," Solveig alisema, na safari hii nilijua anamaanisha.

"Fikiri, binti. Nakutaka wewe."

"Nitakusumbua tu."

Lakini Profesa alikuwa ameishi Wisconsin miaka mingi. "Solveig," akasema, akitabasamu kama mtu anayeijua njia, "baki."

Solveig akautazama mlango ambao baba yake alipitia kutoka nje.

"Basi," akasema, "kama si usumbufu."