Nyumba ya Wake Wawili, Goba

Kilichonitoa nyumbani Tabata wiki ile ni simu ya kaka yangu Shabani.

"Ukuta wa upande wenu umepinda," alisema. "Mvua za masika zimelowesha mpaka ndani. Jumamosi tunaibomoa nyumba ya mzee. Kama kuna mtu anataka kuiona, aje kabla."

Nilimjua mtu mmoja ambaye angetaka kuiona, na ambaye asingesema. Marehemu baba alikuwa na wake wawili, akawajengea nyumba moja ya udongo na makuti, enzi hizo Goba ikiwa mashamba ya mikorosho na vichaka. Mke mkubwa ni Bi Mwajuma, mama yake Shabani. Mie namwita Mama Mkubwa. Mke mdogo ni mama yangu, Bi Zena. Baba alipofariki, wawili hao waligombana juu ya paa. Mama alitaka bati, kwa kuwa makuti yalikuwa yakivuja. Mama Mkubwa akasema paa aliloliacha marehemu haliguswi na mtu. Eda ilipokwisha, mama alinishika mkono tukahamia kwa mjomba, Temeke. Mie nilikuwa nikipelekwa Goba kila Idi. Yeye hakukanyaga tena.

Ijumaa asubuhi, Temeke. Nilifika na gari nililoazima kwa shemeji yangu, nikamkuta mama kwenye kigoda anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Kesho?" aliuliza.

"Kesho, mama."

Alimaliza fungu lote la mchicha, akanawa, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa baibui. "Nataka kukiona chumba changu tu," alisema. "Sina maneno na mtu."

Baada ya Ubungo barabara ilianza kupanda vilima, na mama akaanza kupotea. Alitafuta mikorosho, akaona mageti. Alitafuta kijito walichokuwa wakichotea maji, nikamwonyesha kalavati na ukuta mrefu wa matofali.

Goba. Nyumba ya baba iko nyuma ya nyumba ya Shabani ya matofali, kwenye mteremko. Kwa asiyewahi kuingia nyumba ya namna hii: unasimamisha nguzo, unafunga fito kwa kamba, nje na ndani, katikati unajaza mawe, kisha unakandika udongo kwa viganja. Makuti yanashuka chini sana, hata mtu mrefu huinama kuingia, na chini ya upenu huo ndiko kuna baraza. Ukumbi unapita katikati, kutoka mlango wa mbele hadi uani, na upepo hupita humo mchana kutwa. Kulia vilikuwa vyumba vya Mama Mkubwa, kushoto vya mama. Juu ya vyote umelala mti mmoja mrefu, mtambaapanya, unaoshika paa zima. Baba aliuleta kutoka Kisarawe, na nasikia ulibebwa na wanaume sita.

Mama Mkubwa alikuwa barazani. Alisimama alipomwona mama, mkono mmoja ukutani.

"Shikamoo, dada," mama alisema.

"Marahaba. Karibu, Zena."

Basi. Wakatazamana, kisha mama akainama, akapita ukumbini, akasukuma mlango wa chumba chake. Nilimfuata. Nilitegemea buibui na mchwa. Ukuta wa nje kweli ulikuwa umepinda, na pembeni palikuwa na unyevu. Lakini udongo wa ndani ulikuwa laini, mwekundu, umepigwa juzijuzi. Alama za vidole zilionekana.

"Nani anakandika humu?" mama aliuliza.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. "Mie. Kila mwaka baada ya masika. Kwani chumba chako kina nguzo zake peke yake? Ukuta wako ukianguka, na wangu unakwenda."

Mama alipitisha kiganja ukutani. "Hiyo ni sababu ya kukandika nje, dada. Na ndani je? Ndani humu ulikandika ya nini?"

Mama Mkubwa alitazama juu, kwenye makuti yaliyotoboka, mwanga ukipenya.

"Ulisema tuweke bati," alisema. "Ulisema kweli. Mwaka huu nimelala na masufuria kitandani."

"Na mie Temeke nimelala chini ya bati miaka yote hii," mama alisema. "Mwezi wa pili nalala sakafuni, mlango wazi, kwa joto. Nikawa naukumbuka ukumbi huu, ila sikutaka kumwambia mtu."

Mama Mkubwa alianza kucheka taratibu, mama akamfuata, mwishowe wakakaa kwenye kitanda cha kamba, wakilia. Nilitoka nje. Usiku huo tulilala kwa Shabani.

Jumamosi. Makuti yalishushwa kwanza, kisha fito zikakatwa kamba, na kuta zikajilaza zenyewe bila kishindo. Nguzo nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Shabani alitaka miti yote iwe kuni, lakini mama na Mama Mkubwa walipita wakigonga mmoja mmoja kwa mawe na kusikiliza. Minane ilikuwa mizima, pamoja na ule mtambaapanya.

"Hii tunajengea jiko hapa uani," Mama Mkubwa alimwambia mwanawe. Akamgeukia mama. "Paa?"

"Makuti," mama alisema. "Jiko lazima lipumue."

Jioni nilirudi Tabata peke yangu, mama akabaki Goba. Tangu utotoni nilidhani nyumba ile imesimama kwa sababu miti ya zamani ilikuwa migumu, na nimewahi kuwaambia watu hivyo, kwa majivuno. Miti mingi ilikuwa imeliwa na mchwa. Nyumba ilishikwa na mtu aliyepiga udongo kila mwaka kwenye chumba cha mwenzake asiyesema naye.

Ijumaa iliyofuata nilimpigia mama kumwuliza kama nimfuate.

"Usije kwanza," alisema, na nyuma yake nilisikia maji yakimiminwa. "Tunakandika."